Mohamed Atalla na Uso wa Silikoni

Mkulima wa Chekalini, huko Lugari katika kaunti ya Kakamega, akishauza magunia yake ya mahindi na kulipwa kwa simu, hufanya mambo mawili bila kuyatafakari. Kwanza huishika mkononi mashine ndogo iliyosheheni swichi za silikoni zisizoonekana kwa macho, swichi ambazo katika simu za kisasa huhesabiwa kwa mabilioni. Pili hubonyeza tarakimu nne za siri, ambazo hata wakala aliye mbele yake hana ruhusa ya kuzijua. Siku akifunga safari ya kwenda Eldoret kutoa pesa benki kwa kadi, huyarudia yayo hayo mbele ya mashine ya ATM. Ni nadra mtu kujiuliza mambo haya yalitoka wapi. Ni nadra zaidi kusikia kwamba katika historia ya swichi ile, na pia katika historia ya kuzilinda tarakimu za siri zinaposafiri kwenye nyaya za benki, limo jina la mtu mmoja, tena Mwafrika: Mohamed Atalla wa Misri.

Atalla alizaliwa tarehe 4 Agosti 1924 mjini Port Said, mahali ambapo mfereji wa Suez unakutana na bahari ya Mediterania. Mji wenyewe haukuwa mkongwe. Ulianzishwa mwaka 1859 kazi ya kuchimba mfereji ilipoanza, na ulikua pamoja na meli zilizopita hapo baada ya mfereji kufunguliwa mwaka 1869. Meli za abiria zilizong'oa nanga Mombasa zikielekea Ulaya kwa njia ya kaskazini zilipita Port Said, kwa hivyo jina la mji huo halikuwa geni kwa mabaharia wa pwani yetu. Misri ilikuwa imetangazwa kuwa dola huru mwaka 1922, lakini uhuru huo ulikuwa na mipaka yake, kwani majeshi ya Uingereza yaliendelea kukaa kando ya mfereji hadi mwaka 1956. Kijana aliyelelewa Port Said aliiona teknolojia kubwa ya ulimwengu ikipita mlangoni pake kila siku, ilhali funguo zake zilikuwa mikononi mwa wengine.

Shahada ya kwanza aliipatia Cairo, katika chuo kikuu ambacho wakati huo kiliitwa kwa jina la Mfalme Fuad wa Kwanza na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Cairo. Baadaye alivuka bahari akaenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana. Huko alipata shahada ya uzamili mwaka 1947 na ya uzamifu mwaka 1949, zote katika uhandisi wa mitambo. Tasnifu yake ilihusu mwendo wa hewa yenye kasi kubwa inapopita katika mirija ya umbo la mraba. Ili kuupima umbali wa safari hiyo, yafaa kukumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1949 ndipo Makerere ilipopandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano na Chuo Kikuu cha London, na kwamba Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Nairobi hakikufungua milango yake hadi mwaka 1956.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Mtu ambaye vitabu vingi humwita mwanafizikia hakusomea fizikia kama somo lake kuu, wala tasnifu yake haikugusa silikoni hata kwa ncha ya kidole. Na si kwamba mada hiyo haikuwapo chuoni. Katika idara ya fizikia ya Purdue, Karl Lark-Horovitz na wanafunzi wake walikuwa wameshughulika tangu miaka ya vita na madini ya jerimani, na walikaribia sana kuigundua transista wenyewe. Atalla alikuwa chuo kilekile, akishughulika na hewa. Fizikia ya yabisi aliijia baadaye, akiwa mtu mzima mwenye kazi, na pengine ndiyo sababu aliijia kwa jicho la fundi: hakuuliza tu ni kwa nini kitu kinatokea, bali pia ni vipi kinaweza kufanywa kitokee vivyo hivyo kila siku, kiwandani, mikononi mwa watu wengine.

Mwaka 1949 aliajiriwa na maabara ya Bell, taasisi ya utafiti ya kampuni kubwa ya simu ya Marekani. Kazi zake za mwanzo zilikuwa za kihandisi hasa. Alichunguza uimara wa swichi za sumaku, yaani vile vifaa vilivyokuwa vikifunga na kufungua nyaya kila mtu alipopiga simu. Swichi hizo zilikuwa za chuma, zilijongea, zilisuguana na hatimaye zilichakaa. Mtu anayelala na kuamka akifikiria sababu za swichi kuharibika huwa ameandaliwa, hata kama hajui, kwa swali kubwa lililokuwa likiisumbua maabara ile: je, yaweza kupatikana swichi isiyo na kiungo chochote kinachojongea, na ambayo haitaharibika?

Jibu la nusu lilikuwa limekwisha patikana. Mwezi Desemba 1947, katika maabara hizo hizo huko Murray Hill, New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain walikuwa wametengeneza transista ya kwanza, na muda mfupi baadaye mkuu wa kundi lao, William Shockley, akabuni aina iliyokuwa bora zaidi. Watatu hao walitunukiwa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Lakini transista zao hazikuwa kile Shockley alichokitaka mwanzoni. Alikuwa ametaka kitu sahili zaidi, naye alishindwa. Kushindwa huko kunastahili kuelezwa kwa urefu, maana ndiko kulikoachiwa Atalla.

Shaba huupitisha umeme kwa urahisi, na kioo huuzuia. Silikoni iko katikati. Ikiwa safi hupitisha kidogo sana, lakini ikichanganywa na chembe chache za fosforasi au boroni hubadilika tabia. Ndiyo maana wataalamu wa istilahi wakaiita nusu-kipitishi, jina ambalo lingeweza kuleta dhana kwamba silikoni ni kipitishi kisichokamilika, ilhali uwezo wake wote umo katika huko kutokamilika. Kipande cha silikoni kikisogezewa chaji ya umeme kwa juu, bila kuguswa, nadharia ilisema kwamba elektroni zilizo ndani zingevutwa au kusukumwa, na hivyo umeme ungepita au ungekatika kwa amri ya chaji ile. Hiyo ndiyo swichi aliyoiwazia Shockley mwaka 1945. Mwanafizikia mwingine, Julius Lilienfeld, alikuwa ameandikisha hataza za wazo la aina hiyo tangu miaka ya 1920. Tatizo ni kwamba kila ilipojaribiwa haikufanya kazi.

Sababu yake ilielezwa na Bardeen. Atomu ya silikoni iliyo katikati ya kipande imezungukwa na majirani wanne, nayo imeshikana mikono nao wote. Atomu iliyo usoni haina jirani upande wa juu, na mkono wake umebaki mtupu ukining'inia. Mikono hiyo mitupu hunasa elektroni. Chaji inayoletwa kutoka nje hukutana na tabaka hili la elektroni zilizonaswa, nalo huizuia isifike ndani, mfano wa umati uliosimama mlangoni pa nyumba ya msiba ukamziba kila anayetaka kuingia. Aidha, uso huo ulishambuliwa na unyevu na uchafu wa hewa, hata transista iliyofanya kazi leo ikakataa kesho. Kwa zaidi ya miaka kumi, uso wa silikoni ndio uliokuwa adui.

Katikati ya miaka ya 1950 Atalla alipewa jukumu la kuongoza kundi la kuushughulikia uso huo. Dawa aliyoichagua haikuwa ngeni. Silikoni ikiachwa hewani hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba wa oksidi, na oksidi hiyo, kwa asili yake, ni kitu kilekile kilichojaa katika mchanga na kioo. Mwaka 1955, wenzake wawili wa maabara ile, Carl Frosch na Lincoln Derick, walikuwa wamegundua, kwa ajali iliyotokea ndani ya tanuri lao, kwamba utando wa oksidi unaweza kuukinga uso wa silikoni wakati wa kuupika, nao walichapisha matokeo yao mwaka 1957. Mchango wa kundi la Atalla ulikuwa kulichukua jambo hilo na kuuliza kama oksidi yaweza kufanya zaidi ya kukinga: je, yaweza kuutuliza uso wenyewe? Waliisafisha silikoni kwa uangalifu mkubwa, kisha wakaipasha joto kali ndani ya oksijeni hadi oksidi ikaota juu yake, ikashikamana nayo atomu kwa atomu. Ile mikono iliyokuwa ikining'inia, kwa sehemu kubwa, sasa ilipata cha kushika. Atalla aliyatangaza matokeo hayo mbele ya wanasayansi wenzake, na mwaka 1959 yakachapishwa kwa ukamilifu katika jarida la kiufundi la Bell, akiwa pamoja na Eileen Tannenbaum na E. J. Scheibner.

Wanahistoria wa sayansi bado wanabishana kuhusu mgawo wa sifa katika kazi hii. Wapo wanaompa Atalla karibu yote, na wapo wanaosema kwamba Frosch na Derick walikwisha fika mbali kuliko inavyodhaniwa. Ubishi huo hautaisha leo, na huenda haustahili kuisha kwa kumtawaza mtu mmoja. Lililo wazi ni kwamba Frosch na Derick ndio waliolifungua shamba, na Atalla na wenzake ndio walioonyesha kwamba shamba hilo laweza kulimwa. Athari yake ilionekana upesi. Katika kampuni ya Fairchild, California, Jean Hoerni aliutumia utando wa oksidi mwaka 1959 kubuni njia ya kutengeneza transista zilizo bapa, na juu ya njia hiyo Robert Noyce akajenga wazo lake la saketi nzima ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Hiyo ndiyo chipu tuijuayo.

Atalla mwenyewe hakuishia kwenye kukinga. Ikiwa uso umetulia, basi lile jaribio la Shockley lililoshindikana mwaka 1945 laweza kurudiwa. Mwaka 1959 kundi lake lilipata kijana mpya, Dawon Kahng, mzaliwa wa Seoul, Korea, aliyekuwa ametoka kuhitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Mmisri na Mkorea hao wakaunda kifaa chenye tabaka tatu: metali juu, oksidi katikati, silikoni chini. Kila upande wa silikoni kuna mlango, mmoja wa kuingilia umeme na mwingine wa kutokea. Ile metali ya juu huitwa lango, jina linaloeleweka kwa kila mtu aliyewahi kumwagilia shamba kwa mfereji, isipokuwa kwamba lango hili haliyagusi maji. Likitiwa chaji, njia hufunguka chini yake, na likiondolewa chaji, njia hufungika. Oksidi iliyo katikati huruhusu nguvu ya chaji ipenye bila kuruhusu mkondo wa umeme uvuke. Kila mmoja wao aliandikisha hataza yake mwaka 1960, Kahng mwezi Mei na Atalla mwezi Agosti, na kifaa kikatangazwa mwaka huo huo katika mkutano wa watafiti mjini Pittsburgh. Kwa herufi za kwanza za metali, oksidi na nusu-kipitishi katika Kiingereza, kifaa hicho kilikuja kuitwa transista ya MOS.

Ungedhani mabosi wa Bell walirukaruka kwa furaha. Walikipokea kwa ubaridi. Kifaa cha kwanza kilikuwa na lango lenye urefu wa mikromita 20 hivi, na kilikuwa kizito wa mwendo, karibu mara 100 kuliko transista bora za wakati huo. Isitoshe, tabia yake ilibadilikabadilika kadiri siku zilivyopita, kwa sababu ambayo haikujulikana mpaka baadaye, katika miaka ya 1960, ilipobainika kwamba chembe za sodiamu, yaani chumvi ya kawaida iliyomo hata katika jasho la vidole, zilikuwa zikiingia ndani ya oksidi na kutangatanga humo. Kampuni ya simu iliyotaka mitambo ya kudumu miaka 40 haikuwa na hamu ya kifaa kinachobadilika kwa wiki chache. Kahng aliandika kwamba faida yake ilikuwa katika urahisi wa kukitengeneza na katika uwezekano wa kukiweka kwa wingi mahali pamoja. Hakuna aliyekuwa na haja ya wingi bado. Wengine ndio walioiokota mbegu hiyo. Kampuni ya RCA ilitengeneza chipu ya majaribio yenye transista 16 za MOS mwaka 1962, na mwaka 1971 Intel ikauza kichakato chake cha kwanza, 4004, chenye transista 2,300. Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kompyuta la California lilikadiria mwaka 2018 kwamba tangu mwaka 1960 viwanda vya dunia vilikuwa vimetengeneza transista kwa idadi ya 13 ikifuatwa na sufuri 21, nazo karibu zote ni za ukoo wa MOS. Hakuna kitu kingine, si msumari, si kiberiti, si tofali, ambacho mikono ya binadamu imewahi kukitengeneza kwa wingi wa namna hiyo.

Linabaki suala la jina, ambalo kwa wasomi wa lugha si dogo. Katika machapisho ya Bell na katika kumbukumbu nyingi za Marekani, Mohamed Atalla huonekana kama M. M. Atalla, na wenzake kazini walimwita John au Martin. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho kuvaa jina la wenyeji wake ili apite kwa urahisi. Hata hivyo, gharama yake ilikuja baadaye. Mwanafunzi wa Kiafrika aliyesoma fizikia katika miaka ya 1970 au 1980, akilikuta jina la John Atalla kitabuni, hakuwa na sababu yoyote ya kushuku kwamba mtu huyo alizaliwa kwenye bara lake. Jina la kwanza la mtu ni tangazo la kwake, na tangazo hilo lilikuwa limebanduliwa.

Mapema katika miaka ya 1960 Atalla aliondoka Bell, akahamia kampuni ya Hewlett-Packard huko California. Kuanzia hapo maisha yake yanakuwa ya kiwandani zaidi kuliko ya maabara. Alisaidia kuanzisha tawi la kampuni hiyo lililoshughulikia nusu-vipitishi na akawa mkurugenzi wa utafiti wake. Chini ya uongozi wake ulifanyika utafiti wa diodi zenye kasi kubwa, wa mchanganyiko wa galiamu na aseniki, na wa diodi za kutoa mwanga, zile ambazo baadaye ziliandika tarakimu nyekundu katika vikokotoo na saa. Alikuwa pia miongoni mwa walioshiriki kuijenga maabara kuu ya kampuni hiyo mwaka 1966. Mwaka 1969 alikwenda Fairchild kuwa makamu wa rais na msimamizi wa kitengo cha mawimbi mafupi na vifaa vya mwanga, akakaa miaka mitatu hivi. Kipindi chote hiki kilikuwa cha kazi nyingi na majina machache. Meneja hagundui kitu, huwawezesha wengine wagundue, na historia haina subira na watu wa namna hiyo.

Mwaka 1972, akiwa na umri unaokaribia miaka 50, Atalla aliiacha silikoni. Uamuzi huu ndio unaomtofautisha na wenzake wengi wa kizazi chake, ambao walibaki wakizidi kuifanya transista iwe ndogo. Yeye alianzisha kampuni yake mwenyewe na kuielekeza kwenye tatizo ambalo mabenki yalikuwa yameanza kulihisi. Mashine za kutolea pesa zilikuwa zimeingia mitaani tangu mwaka 1967, ile ya benki ya Barclays huko Enfield, kaskazini mwa London, ikiwa ya mwanzo kutumiwa na umma. Wazo la mteja kuwa na namba ya siri lilikuwapo tayari, nalo si lake. Mskoti James Goodfellow alikwisha liandikisha katika miaka hiyo ya 1960. Pengo lilikuwa kwingine. Mashine ilipokuwa mtaa mmoja na kompyuta ya benki mtaa mwingine, namba ya siri ililazimika kusafiri kwa waya, na mtu aliyeudukiza waya huo angeinyakua. Aidha, namba hizo ziliwekwa katika kumbukumbu za benki, na mfanyakazi mwenye tamaa angeweza kuzisoma.

Jibu lake lilikuwa sanduku. Hataza yake aliiombea mwaka 1972 akaipata mwaka 1976. Ndani ya sanduku hilo namba ya mteja iligeuzwa fumbo pale pale ilipobonyezwa, na ikalinganishwa upande wa pili bila mtu yeyote kuiona ikiwa wazi. Ufunguo wa kulifumbua fumbo ulikaa ndani ya chuma, mbali na macho ya wafanyakazi. Lilijulikana kwa jina la sanduku la Atalla, na kutokana nalo ukazaliwa ukoo mzima wa vifaa vya kulinda funguo ambavyo mabenki huvitegemea mpaka leo. Si vigumu kuuona ukaribu wa kazi hii na ile ya awali. Katika silikoni alitafuta utando utakaoutenga ndani na nje huku ukiruhusu amri ipite. Katika benki alitafuta kitu cha namna iyo hiyo.

Biashara ilifana. Kufikia miaka ya 1990, sehemu kubwa ya mitandao ya ATM duniani ililindwa na vifaa vyenye jina lake. Kampuni aliiunganisha na Tandem mwaka 1987, naye akastaafu mwaka 1990. Tandem ilinunuliwa na Compaq mwaka 1997, na Compaq ikamezwa na Hewlett-Packard mwaka 2002. Hivyo basi jina la Atalla likarudi, likiwa chapa ya bidhaa, katika nyumba ambayo mwenye jina alikuwa ameondoka akiwa mwajiriwa miaka 33 kabla yake.

Kustaafu hakukumfaa. Katika miaka ya 1990 alishawishika kurudi kazini akaanzisha kampuni nyingine, TriStrata, iliyokusudiwa kulinda mawasiliano ya intaneti. Jaribio hili halikufua dafu. Baadhi ya wataalamu wa usimbaji walitilia shaka hadharani nguvu ya mbinu zake, na kampuni haikupata nafasi iliyopata ile ya kwanza. Wasifu mwingi wa Atalla hulipita jambo hili kwa haraka, jambo ambalo si haki kwake. Mtu wa miaka 70 na zaidi, mwenye mali ya kumtosha, aliyeacha bustani yake na kujitosa tena katika maji yasiyojulikana kina, haonewi aibu kwa kutoka akiwa ameloa.

Heshima zilimfikia kwa kuchelewa na kwa kiasi. Taasisi ya Franklin ya Philadelphia ilimpa yeye na Kahng nishani ya Stuart Ballantine mwaka 1975. Kahng, ambaye mwaka 1967 pamoja na Simon Sze alikuwa amebuni aina ya transista inayokumbuka hata umeme ukizimwa, msingi wa kumbukumbu zilizomo katika simu za leo, alifariki mwaka 1992. Mwaka 2009 wote wawili waliingizwa katika Jumba la Kitaifa la Wavumbuzi la Marekani, mmoja akiwa hai na mwenziwe akiwa kaburini kwa miaka 17. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo ilitangazwa tuzo ya Nobel ya fizikia, na nusu yake walipewa Willard Boyle na George Smith wa maabara ya Bell, kwa kifaa cha kunasia picha kilichojengwa juu ya muundo wa metali, oksidi na silikoni. Walioubuni muundo wenyewe katika maabara zile zile hawakupewa kitu. Kwa Kahng sheria za tuzo hazikuruhusu, kwa kuwa haitolewi kwa marehemu. Kwa Atalla hapakuwa na kizuizi cha aina hiyo.

Alifariki tarehe 30 Desemba 2009 mjini Atherton, California, akiwa na umri wa miaka 85.